Kwa Nini Bomba Hulegeza Nati

Nati ya gurudumu iliyoshikwa na kutu haijali ubavu wa mtu. Fundi huikanyagia spana kwa uzito wake wote, nati isisogee. Kisha huchukua kipande cha bomba, akakivalisha kwenye mpini wa spana, akakanyaga tena, nati ikalia na kulegea. Uzito wake haukuongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni umbali kati ya nati na mguu, na katika kuzungusha vitu umbali huo una thamani sawa na kani yenyewe.

Uwezo wa kani kuzungusha kitu huitwa momenti. Hupatikana kwa kuzidisha kani, kwa nyutoni, na umbali wake kutoka kwenye mhimili, kwa mita. Jibu huwa katika nyutoni-mita. Tuchukue fundi wa kilo 60. Dunia inamvuta kwa nyutoni 588 (60 × 9.8). Akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 25 iliyolala sawasawa, momenti ni 588 × 0.25, yaani nyutoni-mita 147. Kama kutu inadai 200, atasimama hapo mpaka jioni. Bomba likiufikisha mpini sentimita 50, momenti inakuwa 294. Ila hakuna cha bure: ili nati izunguke kiasi kilekile, mguu sasa unasafiri njia ndefu mara mbili.

Kanuni yenyewe ni ya kale. Archimedes wa Syracuse aliuthibitisha uwiano wa nyenzo katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na mwanafunzi wa shule ya msingi huukuta katika mada ya mashine rahisi: jitihada mara umbali wake kutoka kwenye mhimili ni sawa na mzigo mara umbali wake. Hapo ndipo ninapoona kasoro ya ufundishaji wetu. Michoro ya nyenzo kwa kawaida huionyesha imelala, kani zikiielekea wima. Mtoto huzoea kuamini kwamba umbali unaozidishwa ni urefu wa chuma. Akifika sekondari, pembe ikiingia, huikariri fomula yenye sini bila kujua imetoka wapi.

Imetoka kwenye mstari mmoja tu. Tuseme safari hii spana na bomba lake havikulala, vimeinuka nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi. Uzito wa fundi bado unavuta wima kwenda chini. Pitisha mstari wima mguuni pake, kisha pima kutoka kwenye nati hadi kwenye mstari huo kwa njia fupi kuliko zote, ile inayoukata kwa pembe mraba. Si sentimita 50 tena, ni 25. Momenti imerudi 147, na faida yote ya bomba imepotea. Fomula inasema hayohayo: 588 × 0.5 × sini ya nyuzi 30, kwa kuwa 30 ndiyo pembe kati ya mpini na uzito. Spana ikisimama wima kabisa, mstari wa kani unapita kwenye mhimili wenyewe, umbali ni sifuri, na hata tembo akiikalia nati haitazunguka. Ndiyo maana fundi mzoefu huichomoa spana na kuivalisha upya hadi ilale, ndipo akanyage. Natamani kila mwanafunzi auchore mstari huo kabla hajaigusa fomula.

Wakati wa kukaza, hesabu hiyohiyo hugeuka onyo. Nati za gurudumu za miundo mingi ya Toyota Corolla hutakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Fundi yuleyule akiacha bomba mahali pake na kuikanyaga spana iliyolala, anazipa 294, karibu mara tatu. Bolti huvutika kupita kiasi, meno yake huharibika, na inaweza kukatika gari likiwa barabarani. Spana yenye kipimo hutoa mlio momenti iliyowekwa ikifikiwa. Asiye nayo na avue bomba, ashike ncha ya spana ya sentimita 25 na kuisukuma kwa pembe mraba kwa nyutoni 412, takriban uzito wa kilo 42.