Kwa Nini Risasi ya Nyumbani Hukosa Shabaha

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kinachotosha kiganjani, nacho ni risasi ya bunduki iliyosubiwa nyumbani. Katika lugha yetu neno hili risasi lina maana mbili: ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, tena ni kile kitu kitokacho katika mtutu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni madini. Tukifahamu tabia ya madini hayo, tutafahamu pia kwa nini mtu hodari wa kulenga aweza kukosa mnyama aliyesimama mbele yake.

Nilipokuwa mtoto nyumbani kwetu katika vilima vya Pugu, mjomba wangu alikuwa na gobori, na kibali chake alikuwa nacho. Shamba letu la muhogo lilipakana na msitu, na kila usiku wa giza nguruwe-mwitu walitoka wakafukua mashina kana kwamba wamelima wao. Mjomba alinunua chubwi kuukuu kwa wavuvi wa Dar es Salaam, akaziyeyusha katika kopo juu ya makaa, akazimimina katika kalibu aliyoifinyanga kwa udongo mweupe wa Pugu. Usiku mmoja, nami nimeshika taa nyuma yake, alimlenga nguruwe aliyesimama ubavu, hatua 40 tu mbele yetu. Bunduki ikalia, moshi ukatanda, nguruwe akaenda zake bila jeraha. Kulipopambazuka tukaikuta risasi imekwama katika mwimo wa mlango wa jirani, kando kabisa ya mahali tulipolenga, na nyuma ya mlango ule walikuwa wamelala watoto wawili.

Nikamwuliza, "Mjomba, mbona nguruwe alikuwa kule na risasi imekuja huku?"

Akajibu, "Nyamaza, mpwa wangu. Bunduki hii ina mkono wa mtu."

Akaenda kwa jirani kuomba radhi, kisha akalitundika gobori darini, wala hakuligusa kwa siku nyingi. Muhogo tuliachiwa kidogo sana mwaka ule.

Basi, mkono wa mtu ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa mkono wa mjomba mwenyewe alipofinyanga kalibu. Mtutu wa gobori ni laini ndani kama mwanzi uliosuguliwa. Ili risasi ishuke kwa urahisi hata mtutu ukiwa na masizi, mjomba aliifanya ndogo kuliko tundu. Baruti ilipowaka, risasi ile haikupita katikati. Iligonga ukuta huu, ikaruka ikagonga ule, na pigo lake la mwisho mdomoni mwa mtutu ndilo lililoiamuru iende wapi. Tena kugonga huko huizungusha risasi bila utaratibu, nayo hupinda njiani kama mpira uliopigwa kwa ubavu wa mguu. Mwingereza Benjamin Robins alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1742.

Dawa ya ugonjwa huo ni mifuo. Fundi huchora ndani ya mtutu mifuo inayozunguka polepole, mfano wa uzi wa parafujo, nayo huishika risasi na kuizungusha. Kitu kinachozunguka upesi kwenye kiini chake hakipotoki ovyo. Mtazameni pia akizunguka, husimama wima, na akichoka huanguka.

Bunduki za namna hiyo zenye kurudia zilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone alichukua bunduki moja ya Winchester na moja ya Henry, zote mbili za wenzo, za kupiga mara 16 bila kujazwa tena. Katika msafara ule ule zilikuwamo bunduki 24 za gumegume. Hapo Bagamoyo, basi, enzi mbili za silaha zilifungwa katika mizigo ya safari moja.

Bunduki ya wenzo imetengenezwa hivi. Chini ya mtutu pana mrija, na ndani yake viasi hulala vikifuatana, pua ya kimoja ikigusa kitako cha mwenziwe. Kiasi ni lile ganda la shaba lenye fataki, baruti na risasi pamoja. Chini ya mtambo pana wenzo wa chuma wenye kitanzi cha kutia vidole. Mpigaji akiusukuma mbele na kuurudisha, ganda tupu hutoka na kiasi kipya huingia. Bunduki ya Henry, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1860, ilipiga risasi ya gramu 14 kwa baruti nyeusi isiyofika gramu 2. Huo si mwendo mkali, na risasi tupu isiyovikwa shaba iliustahimili vizuri. Baadaye kampuni ya Winchester ikawauzia wenye bunduki zake kalibu na vyombo vya kujazia maganda, maana mtu aliyekaa mbali na maduka alihitaji kujitegemea.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi hudhani ya kuwa risasi ya nyumbani hukosa kwa sababu ni laini, basi huifanya ngumu kwa kuchanganya madini mengine, na bado hukosa. Kosa la kwanza silo ulaini, ni upana. Risasi ikiwa nyembamba kuliko mifuo, moto wa baruti hupenya pembeni yake, huilamba na kuiyeyusha ngozi, na madini hayo huganda ndani ya mtutu kama ukoko chini ya sufuria ya wali. Kila risasi ifuatayo hupita juu ya ukoko huo, na shabaha huharibika zaidi. Risasi laini kidogo yaweza hata kusaidia, kwa kuwa msukumo wa baruti huibana kitako ikatanuka na kuziba njia. Iliyo ngumu kupita kiasi, na nyembamba pia, haitanuki, na moto hupita pembeni kama mwizi aliyekuta mlango wazi.

Fundi mwangalifu, kwa hiyo, huanza kwa kuupima mtutu wenyewe. Huchukua kipande cha risasi laini, hukipaka mafuta, hukipitisha kwa taratibu toka mdomo hata mwisho katika bunduki isiyo na kiasi, kisha hukipima. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1894, katika viasi vyake mashuhuri vya baruti isiyo na moshi vilivyotoka mwaka 1895, ina mifuo yenye upana wa milimita 7.82. Risasi iliyosubiwa kwa ajili yake hupendeza ikiwa na milimita 7.85 au 7.87. Tofauti hiyo jicho haliioni, lakini mtutu huiona.

Baada ya upana huja uzima wa risasi yenyewe. Madini ya risasi huyeyuka katika joto la digrii 327 za Selsiasi, ndiyo maana hata makaa ya jikoni huyaweza. Bati kidogo, yapata sehemu 2 katika 100, huyafanya yatiririke hata pembe za kalibu zijae. Kalibu baridi huzaa risasi yenye makunyanzi, nazo za kwanza hurudishwa chunguni bila kuzionea huruma. Ikiwa ndani pamebaki tundu la hewa, uzito huelemea upande mmoja. Katika bunduki hiyo niliyoitaja, mifuo huzunguka mara moja katika kila sentimita 30 hivi. Risasi ikitoka kwa mwendo wa mita 480 kwa sekunde, basi huzunguka zaidi ya mara 1500 katika sekunde hiyo. Fikirini gurudumu lenye jiwe upande mmoja likizungushwa hivyo! Kwa sababu hiyo wapigaji wa shabaha hupima kila risasi kwa mizani nyembamba kama ya sonara, na iliyo nyepesi kuliko wenzake hutengwa.

Mganga mmoja wa Marekani, Franklin Mann, aliyefanya majaribio mengi na kuyaandika katika kitabu mwaka 1909, alionyesha jambo la ajabu: risasi iliyoharibika pua huenda sawa kwa kadiri, bali iliyoharibika kitako hupotea. Sababu yake ni kwamba kitako ndicho cha mwisho kuuacha mtutu, na kikiwa na pengo, moshi hutoka kwa nguvu upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando.

Katika vijifuo vya risasi hutiwa nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu, ili ipite bila kukwaruza. Mwendo nao usizidishwe. Wengi wamepata shabaha nzuri kwa kupunguza baruti, ingawa vijana hawapendi kusikia hivyo. Na kwa bunduki yenye mrija, pua ya risasi huwa butu au bapa. Iliyochongoka hugusa fataki ya kiasi kilicho mbele yake, na bunduki ikishtuka yaweza kuilipua ndani ya mrija, chini ya mkono wa mpigaji.

Tone la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafula na kuirusha juu kama mchanga wa moto. Jasho la paji la uso latosha. Tena madini haya ni sumu: chombo cha kuyayeyushia kisirudi jikoni kamwe.

Mwaweza kuuliza, ikiwa haya yalijulikana zamani, kwa nini babu zetu walibaki na magobori? Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulizuia bunduki zenye mifuo zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, nayo nchi yetu ikiwamo. Zilizoweza kuruhusiwa kwa biashara ya kawaida zilikuwa za gumegume, zisizo na mifuo, pamoja na baruti hafifu. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na biashara hiyo ilihitaji kukomeshwa. Lakini mkulima aliyelinda shamba lake aliachiwa chombo ambacho mafundi walikuwa wamekwisha kuzijua aibu zake kwa zaidi ya miaka 100.

Siku hizi katika Tanzania silaha na risasi zatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, wala haifai mtu kuwa na bunduki au kutengeneza risasi pasipo ruhusa.

Mjomba alilishusha gobori baada ya mavuno, nilipokuwa nimekwisha kusoma kidogo habari hizi. Tukapima: tundu la mtutu lilikuwa milimita 17, na risasi zake milimita 15. Akatengeneza kalibu nyingine ya milimita 16, akaifunika risasi kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa shahamu, akapunguza baruti, maana risasi inayobana huongeza nguvu ndani ya mtutu mkuukuu. Tukabandika karatasi kwenye kichuguu, hatua 40, mahali ambapo nyuma yake palikuwa kilima kitupu. Risasi tano zikaingia karatasini, na zote zilifunikwa na kawa ya mamangu. Mjomba akaitazama karatasi ile kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kwa jirani, akamwomba ahamishe vitanda vya watoto upande wa pili wa nyumba.