Marekani: Nchi, Watu na Kitambaa Chao

Mipaka na ukubwa. Marekani ina majimbo 50. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo milioni 9.8, na kwa sensa ya mwaka 2020 watu wake walizidi milioni 331. Kaskazini imepakana na Kanada, kusini na Meksiko, na pande mbili zilizobaki ni bahari. Kwa kulinganisha, mkoa wetu wa Simiyu, Tanzania, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, una watu zaidi ya milioni 2.

Hali ya hewa na mazao. Kaskazini ni baridi, kusini ni joto. Hulimwa mahindi, soya, ngano na pamba. Jimbo linaloongoza kwa pamba ni Texas.

Serikali. Rais huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Kila jimbo lina gavana na bunge lake. Msomaji aishike habari hii ya bunge la jimbo.

Watu na miji. Kati ya 1892 na 1954, wahamiaji wapatao milioni 12 walipitia kisiwa cha Ellis, New York. Habari za New York na Chicago zimeandikwa sana. Mimi nauandika mji wa Lowell, maana mtu aliyekulia kwenye pamba akifika pale, mengine yote humtoka kichwani.

Lowell uko Massachusetts, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Boston. Mto Merrimack unaporomoka hapo kiasi cha mita 10, na maporomoko hayo ndiyo yaliyouzaa mji. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikwenda Uingereza mwaka 1810 akazungukia viwanda vya nguo. Waingereza walikuwa wamekataza michoro ya mashine kutoka nje ya nchi, basi yeye akaibeba kichwani. Alifariki mwaka 1817, na miaka michache baadaye wenzake wakaujenga mji wakaupa jina lake. Mifereji ilichimbwa na Waairishi, kwa sururu na baruti.

Kiwanda kimoja, Boott, leo ni makumbusho. Kwenye chumba cha kufumia mgeni hupewa vizibo vya masikio. Mitambo imepangwa safu kwa safu, na ingawa huwashwa michache tu, sakafu hutetemeka hadi mtu akaisikia magotini. Kijiti chenye ncha za chuma, kilichobeba uzi wa mshindio, hurushwa kulia kikarudi kushoto kwa kasi ambayo jicho halifuati. Ubavuni kina tundu dogo. Zamani uzi ulipokwisha, mfumaji aliweka mdomo kwenye tundu hilo akaufyonza uzi mpya upenye. Kijiti kilekile kilipita midomo mingi, na kifua kikuu kilipita nacho. Madirisha nayo yalifungwa ili hewa ibaki na unyevu, uzi usikatike; vumbi la pamba likabaki ndani na watu.

Wafumaji wa kwanza walikuwa mabinti wa wakulima, wengi wao bado vijana. Walilala kwenye mabweni ya kampuni, wawili kitanda kimoja, chini ya mama msimamizi. Kengele iliwaamsha, ikawapeleka kazini, ikawaita kula, ikawalaza. Kwa wiki walifanya kazi saa 73 hivi. Mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, waligoma. Mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa, wakagoma tena. Kisha wakashika kalamu. Mfumaji Sarah Bagley na wenzake waliunda chama cha wanawake, wakakusanya saini kwa maelfu, na mwaka 1845 wakasimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo kudai siku ya saa 10. Kamati iliwasikiliza, ikajibu kwamba hilo si kazi ya bunge. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874, miaka 29 baadaye. Mabinti wale walishaondoka. Kwenye mitambo walikuwepo Waairishi na Wakanada wa Kifaransa, na nyuma yao walikuja Wagiriki, Wapolandi na Wareno.

Sasa sisi tunaingiaje? Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Unguja, na mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kitambaa cha viwanda vya jimbo lile ndicho merikani waliyobeba wapagazi hadi Unyamwezi na kwetu Usukuma, na pembe za ndovu zikaenda kwao. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini. Bibi zetu waliivaa bila kujua imepita mikono ya nani, kama mabinti wale wasivyojua inakwenda kuvaliwa na nani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilipoikausha pamba, Manchester na Bombay wakaichukua biashara ile.

Mengineyo. Dini ni nyingi, Wakristo ndio wengi zaidi. Chakula ni kingi na kina sukari. Lowell ya leo ina Wakambodia wengi, na Wakenya pia, hata Kiswahili nilikisikia dukani.

Narudi nyumbani. Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini, lakini jineri ikishachambua, marobota mengi huondoka, na shati linalotundikwa soko la Bariadi ni mtumba. Kilio cha viwanda tumekisikia katika kila hotuba. Kuna jambo jingine ambalo halingoji mwekezaji. Wasukuma tunalima kwa makundi na kucheza kwa makundi, ila tukidhulumiwa kila mtu hulalamika peke yake. Mkulima anayesema mizani imechezewa huliambia benchi la kahawa. Kibarua wa jineri anayekohoa vumbi humwambia mkewe. Mabinti wa Lowell hawakuwa na kura, lakini saa zao waliziandika, wakatia saini, wakapeleka. Sisi kura tunayo. Kabla ya msimu kufunguliwa, mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, uweke kwenye muhtasari mambo matatu: ukaguzi wa mizani, saa za vibarua na barakoa za vumbi. Watu watie saini, nakala ipelekwe kwa diwani na kwa mkuu wa wilaya. Tukikataliwa, tuandike tena mwaka unaofuata.