Hedhi imekatika, tumbo limejaa: pima ini kabla ya kisu

Binamu yangu alitoka Kisauni akaolewa Kabianga, kule kwenye chai ya Kericho. Mwaka jana alinipigia simu kwa hasira. Ana miaka 39, hedhi ilikuwa imekatika miezi minane, tumbo limejaa na kitovu kimetokeza. Majirani walishampa hongera ya mimba. Yeye alitaka ngiri ile ya kitovu ikatwe, daktari akakataa mpaka majibu ya ini yatoke.

"Kaka, mimi naumwa kitovu, ini laingiaje?"

Laingia sana. Ini ndilo linalovunja homoni zilizomaliza kazi, na ndilo linalotengeneza protini ya kuzibeba kwenye damu. Likijaa makovu, iwe kwa hepatitisi B, pombe au mafuta, mawasiliano baina ya ubongo na ovari huvurugika na hedhi yaweza kukatika kabla ya wakati. Sisi huku tutasema ni jini mahaba. Wengine hununua vidonge vya kupanga uzazi ili damu irudi, na hapo ndipo pabaya: vyenye estrojeni, Shirika la Afya Duniani linasema mwenye makovu makali ya ini asivitumie kabisa.

Sasa kisu. Ini hilo hilo hutengeneza vya kugandisha damu, na husafisha dawa nyingi za usingizi. Kwa hivyo madaktari huwagawa wagonjwa makundi A, B na C, wakitazama umanjano, protini ya damu, kuganda kwa damu, maji ya tumboni na kuchanganyikiwa akili. Tafiti za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zilikuta kwamba baada ya upasuaji wa tumbo walifariki kama 10 kati ya 100 kundi A, 30 kundi B, na zaidi ya 70 kundi C. Leo kuna nafuu, lakini C bado ni C.

Wanawake pia walipunjwa kwenye hesabu. Alama za MELD, zinazopanga foleni ya kupandikizwa ini, hutegemea kreatinini, taka itokayo kwenye misuli. Mwanamke ana misuli michache, basi figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo. Marekani ilirekebisha mwaka 2023, ikawaongezea wanawake alama.

Binamu alikutwa na hepatitisi B. Alipewa dawa ya virusi na ya kukojoa, akapunguziwa chumvi, maji yakashuka. Ngiri inangoja. Mumewe alipimwa wiki ile ile. Chanjo ya watoto wachanga ilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi wa makamo hatukuipata, nami pia nikaenda kupima.