Gololi Ndani ya Kompyuta

Mtoto wa Kwa Mathias, Kibaha, aweza kujitengenezea mchezo wa mteremko kwa ubao, misumari na gololi. Ubao ukiinuliwa upande mmoja kwa digrii 6 hivi, gololi hubingirika, hugonga misumari na kubadili njia. Mchapuko wake huwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa kitu kinachoanguka wima. Ndiyo maana jicho laweza kuifuata.

Mwaka 1981 Mmarekani Bill Budge aliuingiza mchezo wa namna hiyo katika kompyuta ya nyumbani iitwayo Apple II, akaupa jina la Raster Blaster. Kompyuta ile ilikuwa dhaifu. Kichakataji chake kilikuwa na mapigo milioni moja hivi kwa sekunde, wala hakikuwa na amri ya kuzidisha. Je, mashine kama hiyo yawezaje kuzitii kanuni za Newton?

Siri ni kuugawa muda katika vipande vidogo. Katika kila kipande, mashine hujumlisha mchapuko na kasi, kisha hujumlisha kasi na mahali ilipo gololi. Tuseme mchapuko ni 1, na gololi yaanza ikiwa imetulia. Kasi itakuwa 1, 2, 3, 4. Nayo gololi itafika alama ya 1, 3, 6, 10. Ikigonga ukingo kwa kasi ya 8, mashine hugeuza mwelekeo na kuondoa robo, hubaki 6. Kuipata robo ni rahisi: kwa kuwa kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, yatosha kuzisogeza tarakimu nafasi mbili kulia, kama sisi tunavyofuta sifuri tugawapo 40 kwa 10.

Mwaka 1983 ilichapishwa programu yake nyingine, Pinball Construction Set, iliyomwezesha mchezaji kujijengea meza yake na hata kubadili nguvu ya uvutano. Hapo mchezaji aligeuka kuwa mtafiti.

Hapa Tanzania, uingizaji wa kompyuta ulikuwa umepigwa marufuku na Serikali mwaka 1974. Hivyo vijana wetu wengi wa miaka ile hawakupata fursa hiyo. Hasara kubwa ilikuwa kukosa mazoea ya kuigeuza kanuni ya maumbile kuwa hatua za hesabu, kwani njia hiyo hiyo ya vipande vya muda hutumika kutabiri hali ya hewa na mwendo wa mafuriko.

Marufuku hayo yalikwisha zamani. Kibaha, ambako kituo cha elimu kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, ni mji wa shule. Mwalimu wa fizikia aweza kuanza hata kabla ya kupata kompyuta. Wanafunzi na wakokotoe kwanza kwa penseli, kisha waiachie gololi ubaoni na kupima. Majibu yakitofautiana, na waulize sababu. Hapo watakuwa wameanza utafiti.