Sahani ya kioo cha darubini: ukate kwa maji au kwa drili?

Kabla ya kusaga na kung'arisha kioo cha darubini nyumbani, lazima kwanza uwe na sahani nene ya kioo iliyo duara. Ukubwa unaowafaa wengi ni kipenyo cha milimita 200 na unene wa milimita 19 hadi 25. Kioo cha unene huo hakiadimiki sana. Wauza vioo vya meza na vya mbele ya maduka huwa nacho. Kazi ni kulitoa duara kwenye bapa la kioo. Siku hizi anayeuliza hutumwa moja kwa moja kwenye mashine ya kukata kwa maji. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu mmoja anayetaka sahani moja, mashine hiyo mara nyingi ni gharama isiyo ya lazima. Kwa kikundi, sioni njia inayoishinda.

Mashine yenyewe husukuma maji kwa shinikizo la baa 4,000 hivi, yakapita kwenye tundu jembamba huku yamechanganywa na chembe za ganeti. Chembe hizo ndizo zinazokula kioo. Maji ni ya kuzibeba. Njia inayobaki baada ya mkato ina upana wa kama milimita 1. Joto ni dogo mno, hivyo kioo hakiongezewi mkazo, na ukingo hutoka umefifia kama kioo cha dirisha la bafuni. Utaulainisha kwa jiwe la kunolea na maji kabla ya kuanza kusaga, maana ukingo mkali humeguka na vipande vyake huchora uso wote.

Sasa hesabu. Karakana hutoza muda wa mashine, lakini hutoza pia maandalizi: kuchora, kulifunga bapa mezani, kupima shinikizo. Maandalizi ni yale yale, ukate sahani moja au ishirini. Tuseme, kwa mfano tu, maandalizi yanagharimu sawa na kukata sahani nne. Mwenye sahani moja atalipa mafungu matano. Wanne wakiungana, kila mmoja atalipa mawili. Wakifika ishirini, kila mmoja atalipa fungu moja na moja ya tano. Kioo chenyewe nacho hununuliwa kwa bapa zima, na bapa la mita 1 kwa mita 1 lenye unene wa milimita 19 lina uzito wa kilo 47 na nusu. Ukizipanga sahani za milimita 200 kwa mistari iliyonyooka, ukiacha nafasi ya milimita 5, utapata 16. Ukiupisha kila mstari ili sahani ziingie kwenye mabonde ya mstari uliotangulia, utapata 20 kwenye bapa lile lile. Sahani nne za bure! Ukimwachia fundi aamue mwenyewe, huenda akakupangia kwa namna ile ya kwanza.

Linalosahaulika ni kwamba usahihi wa mkato hauongezi chochote kwenye picha ya nyota. Duara likikosea kwa nusu milimita, darubini haitajua. Uso wa kioo ndio usiotakiwa kukosea zaidi ya kama milimita 0.00007, na usahihi huo hutoka mikononi mwako, kwa unga wa kusagia, lami ya kung'arishia na subira. Kwa mashine ya maji unanunua muda na ukingo safi tu.

Ndiyo maana drili ya kusimama bado ina heshima yake. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo unachotaka, kifunge kwenye drili, kizungushe polepole, na ulishe unga wa kusagia wa karborandamu namba 80 pamoja na maji. Zungushia ukuta wa udongo ili maji yasikimbie. Gundisha kipande cha kioo chakavu chini, la sivyo upande wa pili utameguka bomba linapotokeza. Ni kazi ya saa kadhaa yenye kelele na matope, lakini gharama yake ni bomba na unga, na unga huo huo utauhitaji baadaye.

Aina ya kioo inastahili pesa kuliko mkato. Kioo cha dirisha hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya kioo cha borosilikati, kwa hiyo kila unapopima umbo unasubiri zaidi kipoe. Kwa milimita 200 subira hiyo inavumilika. Kwa milimita 300 na zaidi, mimi ningeweka akiba yangu kwenye borosilikati.

Kioo kilichoimarishwa kwa moto usikiguse kabisa. Kikikatwa husambaratika chote. Kukitambua ni rahisi: kiweke mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, vaa miwani ya jua ya polaroidi, kisha inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Mabaka ya mwanga yakitokea ndani ya kioo, kina mkazo. Kirudishe.

Wapo waliokwepa mkato kabisa. John Dobson wa San Francisco, aliyewaonyesha wapita njia mwezi na sayari barabarani, alisaga vioo vya madirisha ya meli, ambavyo tayari ni duara. Na anayetaka kuangalia tu, bila hamu ya kusaga, anunue kioo kilichokamilika. Kwa ukubwa wa milimita 200, kilichotengenezwa kiwandani mara nyingi ni nafuu kuliko sahani, unga na kupaka alumini vikijumlishwa.

Mkiamua kwenda kwenye maji, mwambieni fundi atoboe nje ya duara kwa shinikizo la chini, kisha ndipo aingie kwenye mstari. Na kabla hamjatoa hata shilingi, andikianeni nani atalipa bapa likipasuka mezani.