Petroli Nayo Huchacha: Itayarishe Pampu Kabla ya Kuilaza

Mkulima, mahindi huyatii ghalani kabla hayajakauka, kwa sababu unajua yataota ukungu. Maziwa ya asubuhi huyakawizi nyumbani, kwa sababu unajua yataganda. Lakini mvua za masika zinapoanza, wako wengi wanaoifungia pampu ya maji katika stoo na petroli yake ndani ya tangi, wakidhani kwamba petroli haiharibiki. Hayo si kweli. Petroli nayo huchacha, na ikichacha ndani ya injini hasara yake hupita bei ya petroli yenyewe.

Fikiri jinsi mambo yanavyokwenda. Mvua imeanza mwezi wa Machi au Aprili, na pampu imelazwa. Baada ya miezi mitatu au minne mvua imekatika, miche ya kabeji na nyanya imekwisha hamishiwa shambani, na jua linawaka. Unaitoa pampu. Unavuta kamba mara kumi, mara ishirini, na injini haikohoi hata kidogo. Unatafuta fundi, naye ana kazi za watu wengine. Siku zinapita, na miche haimngoji fundi. Mbegu uliyonunua, mbolea uliyotia na kazi ya jamaa yako vyote vimo hatarini kwa ajili ya lita moja ya petroli kuukuu. Yafaa basi kujua petroli huharibika kwa njia gani, na jinsi ya kuizuia.

MAADUI WATATU WA PETROLI

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta ya namna nyingi, mengine mepesi sana na mengine mazito kidogo. Yale mepesi ndiyo yanayoshika moto upesi injini ikiwa baridi. Nayo ndiyo ya kwanza kugeuka mvuke na kutoroka kupitia kitundu cha kifuniko. Petroli iliyobaki bado huwaka, lakini haina nguvu ya kuiamsha injini iliyolala. Huyo ndiye adui wa kwanza: kuvukiza.

Adui wa pili ni hewa. Oksijeni ikikutana na petroli siku nyingi hugeuza sehemu yake kuwa utomvu unaonata kama gundi. Utomvu huo hukaukia ndani ya kabureta, ambamo petroli hupita katika matundu membamba kuliko sindano ya kushonea. Tundu moja likizibwa, injini haiwaki, au huwaka na kuzimika. Joto huuharakisha ubaya huu, na shaba pia huuharakisha; kwa hiyo usiweke petroli katika chombo cha shaba.

Adui wa tatu ni maji. Tangi lililojazwa nusu hupumua. Mchana hewa yake hutanuka na kutoka. Usiku hewa nyingine yenye unyevu huingia, na baridi ikizidi unyevu huo hushika ukutani mwa tangi kama umande juu ya majani. Wakulima wa Kinangop na Ol Kalou, ambako usiku huwa baridi, wanaujua umande huo vema. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama chini kabisa, mahali pale pale injini inapofyonzea. Na tangi likiwa la chuma, kutu huanza.

Iko pia petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa. Hapa Kenya mchanganyiko huo uliuzwa katika miaka ya 1980, spiriti yake ikitoka Muhoroni, na katika nchi nyingi unauzwa hata leo. Spiriti huvuta maji. Maji yakizidi, spiriti huiacha petroli na kuzama pamoja nayo. Petroli ya namna hiyo usiilaze bila matayarisho.

PETROLI HUDUMU MUDA GANI?

Katika tangi dogo la pampu, petroli huanza kudhoofika baada ya mwezi mmoja hivi, hasa penye joto. Katika chombo kilichojazwa vema, kikafungwa sawasawa na kuwekwa kivulini, yaweza kudumu miezi mitatu hadi sita. Kanuni ya kukumbuka ni hii: ikiwa injini italala zaidi ya mwezi mmoja, itayarishe.

NJIA YA KWANZA: KUKAUSHA

Kwa pampu ndogo, na hasa yenye tangi la plastiki, njia hii ni bora. Fanya hivi:

1. Injini ikiwa baridi, iweke nje mahali penye hewa, mbali na jiko, taa na sigara. Toa petroli ya tangini kwa mpira na faneli, uitie katika chombo safi. Usiinyonye kwa mdomo kamwe. Tone likiingia mapafuni laweza kumwua mtu.

2. Jaza maji katika pampu, kisha washa injini uiache iende mpaka izimike yenyewe kwa kukosa petroli. Usiiendeshe pampu bila maji ndani yake, kwa maana sili yake itaungua.

3. Injini ikipoa, legeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, matone ya mwisho yatoke, kisha kaza tena.

4. Toa maji yote ya pampu. Vuta kamba polepole mpaka uone inakuwa nzito, uiache hapo hapo. Katika injini nyingi za pampu valvu zake huwa zimefungwa hapo, na unyevu hauingii ndani.

Petroli uliyoitoa usiiweke akiba. Ikiwa bado ni nzuri, itumie wiki hiyo hiyo katika pikipiki au mashine nyingine inayotumia petroli isiyo na oili.

NJIA YA PILI: KUJAZA

Tangi la chuma likiachwa tupu laweza kushika kutu, na tangi kubwa ni kazi ngumu kulikausha. Hapo afadhali kulijaza. Hewa ikiwa kidogo, umande nao ni kidogo. Lakini usijaze mpaka mdomoni. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu lita 0.4, na kiasi hicho kikikosa nafasi kitamwagika.

Kabla ya kujaza, tia dawa ya kuhifadhi petroli, ambayo hupatikana katika maduka ya vipuri vya mashine na mashua. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Itie katika petroli mpya, kwa sababu dawa hii huzuia uharibifu tu. Haiifufui petroli iliyokwisha haribika. Kisha endesha injini dakika kumi, maji yakiwa ndani ya pampu, ili petroli yenye dawa ifike mpaka kabureta. Mtu akitia dawa tangini asiiwashe injini, kabureta yake imebaki na petroli ile ile ya zamani. Mwisho, funga koki ya petroli.

KWA WENYE MASHUA

Wakulima wa Lambwe na wengine walio karibu na Ziwa Victoria huenda wana mashua ya injini pamoja na shamba. Kanuni ni zile zile. Ukiilaza mashua, chomoa mpira wa petroli na uache injini iende mpaka izimike, lakini sehemu inayovuta maji ya kupoza iwe majini wakati wote. Ikiwa injini yako hutumia petroli iliyochanganywa na oili, changanya ya kutosha mwezi mmoja tu. Oili hulainisha injini, haizuii petroli kuchacha. Tangi kubwa lililojengwa ndani ya mashua lijaze karibu na juu na kulitia dawa.

AKIBA YA NYUMBANI

Nunua petroli ya kazi ya mwezi mmoja, si ya msimu mzima. Iweke katika jerikeni iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, si chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hawezi kuitambua. Andika juu yake tarehe uliyonunua. Iweke kivulini, mbali na nyumba ya kulala na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji na waweza kuufikia moto ulio mbali.

KUITAMBUA PETROLI MBAYA

Mimina kidogo katika chupa safi ya kioo, uitazame mchana. Petroli nzuri hung'aa na harufu yake ni kali. Iliyoharibika huwa na rangi ya chai, na harufu ya uchachu kama rangi ya kupaka mbao. Ukiona tone au mstari chini ya chupa, hayo ni maji. Petroli iliyodhoofika kidogo tu, isiyo na maji wala takataka, yaweza kuchanganywa sehemu moja kwa sehemu nne au zaidi za petroli mpya. Iliyogeuka rangi na harufu usiitie katika injini yoyote.

Wala usiitie katika taa au jiko la mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayashiki moto upesi mpaka yapate joto, lakini petroli hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi ya mlimani. Watu wamekufa na nyumba zimeteketea kwa kosa hilo. Usiimwage shambani, mtoni wala karibu na kisima. Ulizia karakana au kituo cha petroli mahali pa kuipeleka.

Kazi yote hii haichukui saa nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mkulima asiyetayarisha injini yake ni kabureta mpya na miche iliyonyauka. Msimu huu, kabla ya kuufunga mlango wa stoo, funga kipande cha karatasi nene juu ya pampu, uandike tarehe na neno moja: IMEKAUSHWA, au IMEJAZWA. Siku utakapoihitaji, wewe au mwanao atajua la kufanya kabla ya kuvuta kamba.