Pumzi ya Ndizi

Wanangu, fungueni gunia hili. Juzi tulitia humu chana ya ndizi zilizoanza kuiva pamoja na maparachichi magumu kama mawe. Bonyezeni moja: kidole kinazama.

Ndizi inapoiva hutoa gesi isiyoonekana, ethilini, na gunia likifungwa gesi hiyo huliivisha tunda la jirani. Ndiyo maana watu wa Kisii na Nyamira huzifunika ndizi zao ili ziive upesi.

Sasa tazameni jerikeni ile ya maji. Plastiki yake ni ethilini iyo hiyo, maelfu ya chembe zilizoshikana mikono kwa mstari mrefu. Nduguye, propilini, ndiye aliyetoa nyuzi za gunia hili. Wote wawili ni wa ukoo wa olefini.

Ndizi zetu zote hazitoshi kulisha kiwanda. Wengi huzitoa gesi hizi kwenye mafuta ya petroli. China, yenye makaa mengi ya mawe, huyageuza makaa hayo kuwa methanoli kwanza, kisha methanoli kuwa olefini. Methanoli haina rangi, nayo ni sumu kali: imetiwa kwenye pombe haramu humu nchini ikapofusha watu na kuwaua. Msiionje kamwe.

Mwaka 2010, huko Baotou nchini China, kiwanda kikubwa cha kwanza cha aina hii kilianza kazi. Kilijengwa kipokee tani 1,800,000 hivi za methanoli kwa mwaka na kutoa tani 600,000 za olefini. Nyingine zimekwenda wapi? Zaidi ya nusu ya uzito wa methanoli hugeuka maji!

Siri iko kwenye jiwe. Jiwe la Tabaka, huko Kisii, mafundi wetu hulichonga kwa nje. Hili la kiwandani, lililo laini kama unga, lina vyumba ndani, na upana wa mlango haufiki nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Methanoli huingia kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500, humwaga maji yake, na kaboni zake huungana. Zilizoungana mbili, yaani ethilini, hupita mlangoni. Zilizoungana tatu, propilini, nazo hupita. Madude makubwa hunaswa humo humo yakawa masizi, mpaka vyumba vinaziba. Hapo unga hupelekwa kwenye tanuri la pili, masizi yakachomwa, ukarudi kazini.

Haya, fungeni gunia upesi. Yamebaki maparachichi mawili magumu, na ethilini inatoroka.